Kuvuka Ikweta Kinyumenyume

Kiti tulikinunua Kibuye, Jumapili,
kati ya muuza masufuria na muuza mabuti ya mpira.
Aliyekiuza aliapa hakijawahi kuona ajali.
Awuor Midenyo, wa gereji kule Obunga,
alikigeuza chini juu, akasoma tarehe kwenye plastiki
kama mtu asomaye kadi ya kliniki,
akapitisha ukucha kwenye kila mshono.
"Kizima," akasema. "Kiapo chake kitupe.
Ufa ndio husema kweli, na ufa sijauona."

Probox ya shemeji ina mikanda ya kila namna.
Nyuma, katikati, upo wa kiuno peke yake:
hushika nyonga, kisha humwacha mtu ajikunje
kama kisu cha mfukoni.
Dirishani upo wa bega na kiuno, nukta tatu.
Huo ukiuvuta kwa hasira hugoma,
ukiuvuta taratibu huja wote.
Nikamkumbuka baba mkwe, nikacheka peke yangu.

Na mbele?
"Mbele hapana. Ule mfuko wa hewa ukifumuka
humpokea mtu mzima, mtoto humpiga kofi."

Basi nyuma, upande wa abiria,
mgongo wa kiti ukielekea njia,
uso wa atakayekikalia ukitazama tulikotoka.
Awuor akapanda, akakandamiza kwa goti.
"Vuta. Vuta tena. Sasa kitikise hapa, mkanda unapopita.
Kikicheza zaidi ya upana wa dole gumba
hujafunga kiti, umefunga tambara."
Nilifunga matambara matatu.
La nne likawa kiti.

Mama Trufosa alisimama kivulini, mbeleko begani.
"Watoto saba nimewabeba kwa kitambaa hiki
na hakuna aliyeanguka.
Wewe wangu unamfunga kama kuku wa kupelekwa sokoni?"
Sikuwa na jibu. Mbeleko ile ndiyo iliyonibeba mimi,
naijua harufu yake ya moshi na maziwa.
Lakini mbeleko ilikwenda mwendo wa miguu.
Barabara ya Busia huenda mwendo wa malori.

Siku ya tano Linet akatoka hospitalini
akitembea kama mwenye ndoo iliyojaa hadi ukingoni.
Mtoto kilo mbili na nukta tisa.
Nikamvua blanketi: mikanda kwanza,
blanketi baadaye, juu yake.
Begani, begani, kiunoni, kiunoni, katikati ya miguu,
njia tano zikakutana kwenye kifungo kimoja.
Kach!
Akalia kilio cha kuezua bati.
Mkono wangu ukarudi wenyewe kwenye kitufe chekundu.
"Mchelea mwana kulia..." Mama akaanza,
akakatiza hapo hapo,
kana kwamba ulimi umemsaliti.

Tulipofika Kisian alikuwa amelala.
Niliendesha polepole hata bodaboda zikatupigia honi,
na mmoja, mwenye magunia mawili ya dagaa,
akaniuliza kwa mkono kama nimebeba mayai.
Nikamjibu kwa kichwa: ndiyo.

Maseno, penye alama ya ikweta,
sisi watatu tulivuka tukitazama mbele.
Yeye alivuka kinyumenyume, macho yamefumba,
akaiacha kusini bila kuiona.

Kwenye kioo nikamwona Mama:
mkanda wake ameupitisha chini ya kwapa.
"Mama, begani."
Akaupandisha bila neno.
Kisha, akidhani siangalii,
akanyosha mkono kupita kiti cha kati kilicho kitupu,
akaingiza kidole chini ya mkanda wa mjukuu, penye mtulinga,
kidole kile kile kilichopima joto la uji wangu.
Kimoja kikapita.
Cha pili kikakataa.
Akautoa mkono, akageukia dirisha,
akaanza kuhesabu kwa sauti mahindi ya watu,
nani amepalilia na nani bado,
mpaka Luanda.